Mtoto Asiyetemewa Mate

Pale Lodwar waliniita Daktari wa Makamasi. Sikulipinga jina hilo kwa sababu lilikuwa sahihi. Madaktari wenzangu walishona majeraha ya mikuki na kuzalisha akina mama usiku kucha. Mimi nilizunguka na vijiti vyenye pamba nchani, nikawachokonoa watoto puani na kooni, nikatia nilichopata kwenye vichupa, vichupa nikavitia kwenye mtungi, na mtungi nikaupakia kwenye ndege ndogo ya kwenda Nairobi. Huko profesa wangu alikuwa akitafuta ni virusi gani vinavyowaua watoto kwa kifua, ili siku moja ipatikane chanjo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nina miwani mipya, na niliamini kwa dhati kwamba mtu akielezwa jambo vizuri atakubali.

Ninyi mnaoianza kazi hii sasa hunitembeza kwenye maabara zenu, mkanipa koti jeupe na kiti, halafu mkaniuliza ni kitu gani kilinisaidia zaidi. Mnangoja niseme uvumilivu, au kuwapenda watoto. Watoto niliwapenda, lakini wao walinipiga mateke. Kilichonisaidia ni kushuku. Mimi nilishuku kila kitu, watu wa Turkana walinishuku mimi, na mahali shuku zetu zilipokutana ndipo niliposhika kazi.

Nianze na friji, maana nililishuku kuliko binadamu yeyote.

Lilikuwa friji la mafuta ya taa. Linawashwa moto chini ili juu kuwe na baridi, jambo ambalo nilisomea fizikia na bado naliona kama uongo. Utambi ukikatwa vibaya, moto unakuwa wa njano, masizi yanaziba bomba, na ndani kunakuwa joto kama nje. Unataka moto wa buluu, mfupi, uliotulia. Friji likiinama kidogo tu, linagoma. Mkiwa na umeme mtanicheka, lakini umeme nao hukatika, kwa hiyo wekeni maneno haya akibani.

Sasa, katika joto la Lodwar, friji ni kama kisima. Kila mtu anapata sababu ya kulipitia. Nilikuta humo siagi ya ofisa mmoja, soda za mwingine, na siku moja samaki mzima kutoka ziwani, amelala juu ya chanjo za surua za hospitali, ambazo nazo nilikabidhiwa kuzitunza, kama mgonjwa aliyelazwa. Kila mlango ulipofunguliwa, joto liliingia na chanjo ikafa kidogo. Na chanjo iliyokufa haina harufu wala rangi. Ni unga uleule mweupe kwenye chupa ileile. Basi nikatega: nikafunga uzi mweupe mwembamba kwenye mpini wa mlango, nikaenda nyumbani nikiwa nimejipongeza. Asubuhi nilikuta uzi umefungwa vizuri, fundo zuri kuliko langu, isipokuwa ulikuwa mweusi.

Nilimshuku Wafula, dereva wetu, mtu wa Bungoma aliyeletwa Turkana na kazi na kubakizwa na uvivu wa kuomba uhamisho. Wafula akaangalia uzi, akaniangalia mimi.

"Daktari, mimi nikikuibia sitakushonea."

Nilimshuku pia Ewoi, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, na mkalimani wangu, kijana wa hapohapo Lodwar aliyesomea misheni. Sababu ya kumshuku Ewoi ilikuwa tafsiri zake. Nilipotoa hotuba ndefu juu ya virusi, yeye alisema maneno matatu. Niliposema maneno matatu, yeye alihutubia mpaka watu wakakaa chini.

"Umewaambia nini?" nilimwuliza siku moja.

"Kwamba hujaoa."

"Kwa nini?"

"Walitaka hilo kwanza. Ya makamasi watasikiliza baadaye."

Aliyeufunga uzi mweusi sijamjua mpaka leo.

Kakuma ya wakati huo ilikuwa maduka machache, kituo cha polisi, misheni, na miti kandokando ya mto Tarach, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga tu. Tulikuwa tukitoka Lodwar kwa Landrova, Ewoi amekaa katikati na mtungi wetu magotini. Mtungi ule ulikuwa na naitrojeni ya majimaji, baridi kupita barafu, na ukifunuliwa ulitoa moshi mweupe uliotambaa chini. Jaribuni kuwaeleza watu wanaoishi kwenye joto lile kwamba huu ni moshi wa baridi. Hata mimi nilipojisikia nikieleza nilijishuku.

Hapo, katika mojawapo ya safari hizo, ndipo nilipokutana na Mama Nakiru. Alikuwa bibi mrefu, mwenye shanga za kujaza shingo yote, na Kiswahili alichokiokota kwenye maduka akiuza ngozi za mbuzi. Alimleta mjukuu wake Akai, msichana mdogo aliyekuwa na kikohozi. Nikamsalimu kwa Kiturkana changu chote, yaani neno moja: "Ejok." Akaitikia ejok, akakaa. Nikatia kijiti kooni kwa Akai, nikakitoa, nikakifunga kwenye kichupa. Mama Nakiru alifuata kile kichupa kwa macho mpaka kilipozama kwenye moshi.

"Hiyo mate ya mtoto unapeleka wapi?"

"Nairobi, mama."

"Nairobi hakuna mate?"

Akina mama waliokuwa nyuma yake wakacheka, ila si kicheko cha kunikaribisha. Mnapaswa kujua kwamba kwa Waturkana mate ya mzee ni baraka. Bibi humtemea mtoto kwenye paji la uso na kifuani, kwa upole kama anayenyunyiza, akimtakia uzima. Mgeni akiondoka hutemewa pia, ili afike. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza waliyemwona akiyakusanya mate na kuondoka nayo.

Nikaeleza. Ewoi akafasiri, maneno matatu.

"Umewaambiaje?"

"Kwamba unatafuta mdudu."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ukimpata, ni wa kwao, umrudishe."

Lakini Mama Nakiru hakuwa anatania. "Kaka ya Akai," akasema, "ulikuja, ukachukua yake. Kifua ilikuwa inapiga hivi." Akaonyesha kwa mkono ubavu unavyoingia ndani mtoto akikosa pumzi. "Akakufa. Nairobi ilisema nini?"

Nilikumbuka. Majibu yalirudi mtoto akiwa ameshazikwa.

"Ilisema jina la ugonjwa."

"Na dawa?"

"Dawa bado."

"Jina tu."

"Jina tu, mama."

Alimwinua Akai, akamweka mgongoni, akaondoka bila kutema mate upande wangu. Ewoi alisema hiyo ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Kisha ikaja surua. Polisi walileta habari kwa redio kwamba imeshika kambi za wafugaji upande wa Lokichoggio na inateremka kuelekea Kakuma. Kijana wa leo husikia surua akafikiria vipele. Surua hupita kwenye pumzi kama virusi ndugu zake niliokuwa nikiwatafuta, na kwa mtoto aliyetoka kwenye njaa huteremka kifuani na kumaliza kazi huko. Tofauti ni kwamba hii ilikuwa na chanjo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kumpa Mama Nakiru zaidi ya jina.

Kilichoniumiza kichwa ni kwamba kwenye manyatta moja, boma la wafugaji karibu na Lodwar, tulikuwa tumeshachanja, na watoto kadhaa waliochanjwa wakaumwa surua vilevile. Wazazi walisema ni sisi tuliowatia ugonjwa. Mimi nililishuku friji, nikaushuku uzi, nikamshuku yule samaki, nikalishuku jua, nikamshuku Wafula kwa kuegesha gari mahali pasipo kivuli. Kwa hiyo safari ya Kakuma niliilinda kama harusi. Chupa zilifungwa kwenye karatasi nyeusi, zikawekwa ndani ya sanduku la barafu, sanduku likafunikwa magunia yaliyoloweshwa, na mimi nikalikalia. Wafula alisema hajawahi kumwona kuku aliyesomea Makerere.

Tuliweka meza kwenye baraza la duka. Sindano za kioo zilichemka kwenye sufuria. Akina mama walikuja, wengi, maana habari za surua hazihitaji mkalimani. Nikachanganya chupa ya kwanza, na hapo saa inaanza kukukimbiza: chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake haina subira, baada ya muda mfupi unaimwaga. Mama wa kwanza akasogea na mtoto. Ewoi akachovya pamba kwenye spiriti, akapangusa mkono wa mtoto. Mama akamvuta mwanawe, akatoka kwenye mstari.

Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hakungoja hata apanguswe. Mstari ukayeyuka mbele ya macho yangu, na chupa ikiwa mkononi.

Nilimshuku mwenye duka. Nilishuku uvumi wa ile manyatta ya Lodwar umetutangulia. Niliwaza kwamba wanaogopa sindano, ila hawakuwa wakiitazama sindano. Walikimbia kabla. Walikuwa wakikimbia pamba.

Mama Nakiru alikuwa amesimama pembeni na Akai, hakuwa ameingia kwenye mstari kabisa. Nikamwendea.

"Unafuta nini?" akaniuliza kabla sijafungua mdomo.

"Uchafu, mama."

"Uchafu ya nani?"

Nikaonyesha mkono wa Akai.

"Asubuhi mimi nimetemea huyu," akasema. "Mkono hii, na hii, na hapa kifua. Kila bibi ametemea mtoto wake, tumejua surua inakuja. Sasa wewe, kazi ya kwanza, unafuta. Halafu ndio unatia yako." Akanitazama kama mtu anayepima ngozi yenye tundu. "Mtu anatoa baraka kwanza, ndio aweke kitu yake. Hiyo kitu ni nzuri?"

Nikamgeukia Ewoi. "Ulijua haya?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Daktari, misheni walinifundisha kupangusa kwa spiriti. Na nyumbani nilitemewa mate. Nikadhani baraka inaelewa mambo ya hospitali."

Bado alikuwa ameshika ile pamba, na spiriti ilikuwa inamdondoka kwenye vidole. Niliitazama. Mwanamke huyu alikuwa ameishuku pamba, na mimi nilikuwa nimeshuku kila kitu Turkana nzima isipokuwa pamba. Spiriti tunaipaka ili iue vijidudu. Chanjo ya surua ni kirusi kilicho hai, kilichodhoofishwa. Vitabu vyetu vilisema ngoja ngozi ikauke ndipo uchome, sentensi fupi ambayo kila mtu huisoma akapita. Na nani alingoja? Mtoto analia, mstari ni mrefu, Ewoi anapangusa, mimi nachoma palepale penye unyevu. Nilikuwa nimelikalia sanduku kutoka Lodwar hadi Kakuma ili kirusi changu kifike hai, halafu huenda nakiua mlangoni kwa mtoto.

Nasema huenda. Sina uhakika, na hamtanisikia nikidai kwamba ninao. Lakini mshukiwa mpya alikuwa amepatikana, na alikuwa na mashtaka mawili.

"Mama," nikasema, "hata mimi pamba hiyo siitaki tena."

Alinishuku zaidi. Mtu anayekubali haraka hivyo ana jambo. Ewoi akaingia kati, na hapo nikaelewa kwa nini hotuba zake zilikuwa ndefu. Walijadiliana mpaka barafu ikaanza kunitia wasiwasi. Mama Nakiru alitaka atemee pale penye sindano, ili kitu kinachoingia kikute baraka mlangoni. Mimi sikutaka mate yoyote pale, maana mate nayo yana wakazi wake, nilikuwa nimewahesabu mwenyewe. Tukafikia hivi: mkono wa kulia uoshwe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, na aoshe mama mwenyewe, asiguse mgeni. Ukauke kwa upepo, ambao Kakuma haukosekani. Bibi atemee paji la uso, kifua na mkono wa kushoto. Kisha sindano.

"Na chupa nitemee," akasema.

"Chupa hapana, mama."

"Sanduku?"

Nikafikiri. "Sanduku, likiwa limefungwa."

Akalitemea sanduku. Halafu, kwa kuwa alikuwa amechangamka, akatemea tairi la mbele la Landrova. Wafula akalalamika kwamba yeye ni Mkristo.

"Na hii gari pia?" Mama Nakiru akamwuliza. "Imebatizwa?"

Akai ndiye aliyetangulia. Bibi yake alimwosha mkono polepole sana, kama anayenipa nafasi ya kukosea. Tulisimama sote tukingoja ule mkono mdogo ukauke. Nikachoma. Akai akanipiga teke. Mstari ukarudi, na tulichanja mpaka barafu ikawa maji na chupa iliyofuata nikaikataa mwenyewe, kwa sababu sikuiamini.

Wakati wa kurudi Lodwar tairi la nyuma lilipasuka. Lile la mbele halikupasuka. Wafula alilibadilisha, na alipomaliza alikwenda mbele akaliangalia lile jingine kwa muda.

Surua ilipita Kakuma sisi tukiwa Lodwar, kwa sababu mvua za milimani zilijaza mikondo na barabara ikafungwa. Hakuna kungoja kubaya kama kule. Ukiwa umechanja, kila mtoto atakayekufa ni wako. Barabara ilipofunguka tulikwenda, na Wafula, aliyezoea kuimba nyimbo za kanisani njia nzima, hakuimba.

Kambi za mbali, ambazo hatukuzifikia, zilikuwa zimezika. Nilioneshwa mahali, mawe yamepangwa, mengi na madogo. Sina la kuongeza hapo. Karibu na maduka nilimkuta Mama Nakiru amekaa mbele ya kibanda chake, na Akai akiwafukuza vitoto vya mbuzi.

Ningefurahi tu, kama mtu wa kawaida. Badala yake nikaanza kushuku. Labda surua haikumfikia.

"Alikutana na mgonjwa?" nikauliza.

"Mtoto ya dada yangu alitoka huko kambi, na surua. Alilala hapa. Ngozi moja na Akai."

"Ngozi moja?"

"Blanketi moja pia. Nitoe blanketi uangalie?"

Nikacheka, nikasema, "Basi chanjo imefanya kazi."

"Mate," akasema Mama Nakiru.

"Mama, watoto wa kambi za mbali nao bibi zao waliwatemea."

"Mate peke yake. Haina nguvu peke yake, surua ni kali." Alikuwa amelifikiria jambo hili kabla yangu. "Na wale wa Lodwar ulitia sindano, ukafuta mate. Si waliumwa?"

"Ile ilikuwa spiriti."

"Wewe unasema spiriti. Mimi nasema ulifuta."

Ninyi mmesomea utafiti, kaeni mjaribu kumshinda. Waliotemewa bila sindano waliumwa. Waliochomwa wakafutwa waliumwa. Waliotemewa na kuchomwa wamesalimika. Kila nilichokuwa nacho kilimwunga mkono yeye sawasawa na mimi. Nikamwambia ukweli, kwamba ili kujua nani kati yetu yuko sahihi tungehitaji mtoto aliyeoshwa, akachanjwa, na hakutemewa mate na mtu.

Halafu akamwita Akai, akamsimamisha mbele yangu.

"Haya. Sema ni nani. Huyu?"

Akanyosha kidole kwenye kibanda cha pili.

"Ama ile ya jirani, inalia pale? Surua itarudi, inarudi kila saa. Wewe taja mtoto, sisi hatutemei huyo. Halafu utajua."

Akai alinitazama akingoja, maana aliona ni mchezo. Na mimi nikakumbuka kwamba Nairobi profesa wangu alikuwa ameanza kupanga majaribio ya chanjo nyingine, ile ya kifua tuliyoitafuta, na katika mpango huo watoto wangegawanywa kwa kura, hawa wapewe, hawa wapewe maji matupu. Nilikuwa nimeusifu mpango ule. Ni mpango mzuri. Bila watoto wa kulinganisha, tutakuwa tunadanganyana kama mimi na Mama Nakiru, kila mtu na mshindi wake. Nimefanya majaribio ya namna hiyo maisha yangu yote, na ile chanjo ya kifua imepatikana kwa wengine nikiwa nimeshastaafu, kwa njia hiyohiyo. Lakini sijawahi kutia sahihi mgawanyo wowote kabla ya kujifungia chumbani na kujaribu kumtaja kwa sauti mtoto mmoja, jina lake na la bibi yake. Kuna nyakati nilishindwa, na tukaubadilisha mpango: wa upande wa pili tuliwapa chanjo nyingine ya kuwafaa, au tuliwapa hiyohiyo mara tu tulipojua. Wenzangu walilalamika kwamba nachelewesha kazi.

"Hakuna, mama," nikasema. "Sina wa kumtaja."

"Hakuna," akakubali, bila kushangilia. "Basi nyinyi mchome, na sisi tutemee. Usiniulize tena."

Wafula akapiga honi, jua lilikuwa linaelekea milimani na mto ungeweza kujaa tena. Nikainama kumuaga, na Mama Nakiru akanishika mabega, akanitemea mate usoni, kwa upole, kama anayenyunyiza. Mengi yaliangukia kwenye kioo kimoja cha miwani.

Ewoi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa gari, alikuwa akiutazama mkono wangu. Ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta kitambaa. Nikautoa mtupu. Nilipanda gari, na mpaka Lodwar niliiona barabara kwa jicho moja, nikingoja lile jingine likauke.